Nati iliyopita katikati ya chuma: kisa cha hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City

Asubuhi ya Julai 18, 1981, aliyeinua macho darini katika ukumbi wa mapokezi wa Hyatt Regency aliona jambo la ajabu. Nondo za chuma zilizokuwa zimebeba madaraja ya ukumbini zilikuwa zingali zinaning'inia. Hazikukatika, wala hazikuchomoka darini. Mwisho wa nondo, nati ilikuwa imekaa palepale ilipokazwa, na washa yake, ile pete bapa ya chuma, juu yake. Kilichokosekana ni daraja.

Mhandisi akiiona picha ile haulizi maswali mengi. Nondo ilikuwa na nguvu ya kutosha, dari nayo ilikuwa na nguvu ya kutosha. Kilichoshindwa ni tundu. Nati ilipita katikati ya boriti kama kifungo kinavyochomoka kwenye tundu la shati lililolegea, na madaraja mawili yakashuka juu ya watu waliokuwa wakicheza dansi. Walikufa watu 114. Waliojeruhiwa walizidi 200.

Kisa hiki kinafundishwa katika vyuo vingi vya uhandisi, na mara nyingi kinafundishwa kwa dakika kumi: mkandarasi alibadilisha mchoro, mzigo ukawa mara mbili, jengo likaanguka, tuendelee na somo. Mimi nadhani masimulizi hayo yamemsingizia mmoja na kuwaachia wengine, na ndiyo maana nakirudia hapa chote.

Hoteli na ukumbi wake

Hoteli ilifunguliwa Julai 1980, ikiwa na ghorofa 40, ndani ya eneo la Crown Center lililokuwa likiendelezwa na Hallmark, kampuni ya kadi za salamu yenye makao yake Kansas City, jimbo la Missouri. Ilijengwa kwa sehemu tatu: mnara wa vyumba vya wageni, jengo fupi la kumbi za mikutano na migahawa, na kati yake ukumbi wa mapokezi ulio wazi mpaka juu. Ukumbi huo ulikuwa na takriban mita 36 kwa 44, na kimo cha mita 15 hivi, bila nguzo katikati.

Ukumbi wa namna hiyo ndio uliokuwa fasheni ya hoteli za Marekani wakati ule. Mwaka 1967 msanifu majengo John Portman alifungua mlango kwa Hyatt Regency ya Atlanta, yenye uwazi mkubwa katikati ya jengo, na baada ya hapo kila mji ulitaka hoteli ambayo mgeni akiingia atasimama kwanza, ainue kichwa, ashangae, ndipo aulize bei ya chumba. Kansas City ilipata mshangao wake kwa njia ya madaraja. Mgeni aliyetoka mnarani kwenda mkutanoni alivuka hewani, juu ya vichwa vya watu, kwenye daraja lisiloonekana kushikwa na kitu isipokuwa nondo nyembamba zilizotoka darini.

Madaraja yalikuwa matatu: la ghorofa ya pili, la tatu na la nne. (Hiyo ni hesabu ya Wamarekani, ambao sehemu ya chini kabisa kwao ndiyo ghorofa ya kwanza.) Kila moja lilikuwa na urefu wa mita 37 na uzito wa tani 29 hivi. La nne lilikaa wima kabisa juu ya la pili. La tatu lilikaa kando, likining'inia peke yake kwa nondo zake. Hilo la tatu tutalirudia.

Muundo wa kila daraja ulikuwa rahisi. Boriti mbili ndefu za chuma pembeni, zege jepesi juu yake, ncha moja imeegemea mnara na ncha nyingine jengo la mikutano. Katikati, sehemu tatu, kulikuwa na boriti fupi iliyokingama chini ya daraja, na kila boriti ya kukingama ilishikwa na nondo upande wa kulia na upande wa kushoto. Nondo sita kwa daraja, kila moja na unene wa milimita 32.

Mnara wa ghorofa 40, wenye kupigwa na upepo wa nyanda za Missouri, haukupata hata ufa katika kisa hiki. Mtu anayesikia "hoteli ndefu iliporomoka" hufikiria msingi, nguzo, upepo, tetemeko. Kumbe hatari ilikaa kwenye kitu ambacho kwenye mchoro kilichukua nafasi ndogo kuliko kiganja.

Ijumaa, saa 1 na dakika 5

Jioni ya Julai 17 kulikuwa na dansi ukumbini. Bendi inapiga, watu wanashindana kucheza, wengine wamesimama na vinywaji. Walikadiriwa kufika 1,600. Juu ya daraja la pili na la nne kulikuwa na watu kama 60 kwa jumla, wengi wao wakitazama dansi kutoka juu.

Saa 1 na dakika 5 usiku daraja la nne liliachia, likaangukia la pili, na yote mawili yakafika sakafuni.

Uokoaji ulichukua saa 14. Mabomba ya maji yalikuwa yamepasuka na maji yakaanza kujaa ukumbini, kukawa na hofu kwamba waliobanwa chini watazama kabla hawajafikiwa. Kreni za wajenzi ziliingizwa kuinua vipande vya zege vilivyokuwa vizito kupita jeki za zimamoto. Watu 29 walitolewa kifusini wakiwa hai.

Siku za mwanzo zilivuma habari kwamba watu walikuwa wanacheza juu ya madaraja na mdundo wa miguu ukayatikisa mpaka yakakatika. Habari hiyo ina utamu wake, kwa sababu inampa kila mtu sehemu ya kosa na mhandisi anapona. Lakini waliokuwa wanacheza walikuwa sakafuni, na wachunguzi walipopiga hesabu hawakuhitaji mtetemo wowote kueleza kuanguka. Uzito uliotulia ulitosha.

Watoto wawili na kamba ya mnazi

Kiini cha kisa kinaeleweka bila hesabu hata moja.

Chukua kamba iliyofungwa juu ya mnazi. Mtoto mmoja anaishika kamba kwa mikono yake, ananing'inia. Mwenzake anakuja, anaishika kamba hiyohiyo chini kidogo, naye ananing'inia. Kamba inabeba watoto wawili, lakini kila mtoto anajibeba mwenyewe: mikono ya wa juu inashika uzito wa wa juu tu.

Sasa katisha kamba chini ya mikono ya mtoto wa kwanza. Mwenzake hana kamba ya kushika, kwa hiyo anamshika yule wa juu miguu. Huko juu ya mnazi, penye fundo, hakuna kilichobadilika: watoto ni walewale wawili, uzito ni uleule. Lakini mikono ya mtoto wa juu sasa inabeba wawili. Wa kwanza kuachia atakuwa yeye, na wote wataanguka.

Mchoro wa awali wa Hyatt ulikuwa ule wa kwanza. Nondo moja ndefu ilitoka darini, ikapita ndani ya boriti ya daraja la nne, ikaendelea hadi daraja la pili. Chini ya boriti ya nne nati moja, chini ya boriti ya pili nati nyingine. Kila nati na daraja lake.

Kilichojengwa ni ule wa pili. Nondo fupi ilitoka darini na kuishia daraja la nne. Nondo nyingine, kwenye tundu jipya lililotobolewa kama sentimita kumi pembeni, ilianzia kwenye boriti ileile ya daraja la nne na kushuka hadi la pili. Daraja la pili likawa halishikwi na dari tena. Limeshika miguu ya la nne.

Hapo ndipo jicho linapodanganyika, na kwa sababu hiyo sipendi kuwacheka waliolipitisha. Ukiutazama mchoro huo kutoka dari kushuka chini, kila kitu kinajibu: mzigo wa jumla ni uleule, nondo ya juu inabeba kilekile ilichokuwa ibebe, dari haipati gramu ya ziada. Unene wa nondo unatosha. Lazima usimame kwenye nati moja, ile ya daraja la nne, uifanye kuwa dunia yako yote kwa dakika tano, uulize: wewe unashika nini? Jibu ni mara mbili ya ulichoambiwa mwanzo.

Midomo miwili iliyochomelewa

Masimulizi mengi yanaishia kwenye hiyo mara mbili. Lakini nusu nyingine ya kosa iko kwenye boriti yenyewe, na hiyo haikuletwa na mabadiliko. Ilikuwepo tangu mchoro wa kwanza.

Boriti ya kukingama haikuwa chuma kimoja. Ilitengenezwa kwa vyuma viwili vya umbo la herufi C, kimo chake milimita 200 hivi, vikageuziwa midomo, vikachomelewa mdomo kwa mdomo mpaka vikawa kisanduku. Kwa macho ni boriti nadhifu, safi, rahisi kufunikwa ikapendeza. Tundu la nondo likatobolewa kupita juu na chini ya kisanduku hicho, kwenye mstari uleule wa mshono wa kuchomelea.

Fundi yeyote wa geti atakuambia tatizo. Sehemu ya C iliyo imara ni mgongo wake, na midomo ni bamba jembamba lililojitokeza. Nati ikikaa chini ya mshono inasukuma midomo miwili ikiwa peke yake, mbali kabisa na migongo. Mzigo ukizidi, midomo ya chini inajikunja kuelekea juu, mshono unaachana, tundu linapanuka, nati inaingia ndani ya kisanduku, kisha inatafuta njia ya kutokea upande wa juu. Boriti zilizookotwa kifusini zilionyesha hivyo hasa: midomo imepinduka, na njia ya nati inaonekana wazi kama alama ya jino.

Hakukuwa na bamba nene la kusambaza mzigo kutoka kwenye nati. Hakukuwa na kipande cha kukazia ndani ya kisanduku. Bamba sita za chuma, za ukubwa wa sahani ya chai, zingebadilisha kila kitu, na bei yake isingeonekana kwenye hesabu ya hoteli ya ghorofa 40.

Waliokwenda kuchunguza ni Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, ambayo leo inaitwa NIST. Walichukua vipande kutoka kwenye kifusi, wakatengeneza na vingine vya kufanana navyo, wakavivuta maabara mpaka vikaachia. Ripoti yao ya 1982 ina hesabu ambazo nikizisoma hunichukua muda kuendelea na kazi nyingine.

Kanuni za ujenzi za Kansas City zilitaka daraja la namna ile lihesabiwe kwa mzigo wa watu wa kilo 490 hivi kwa kila mita ya mraba, juu ya uzito wa daraja lenyewe. Kwa mchoro wa awali, kila kiungo kilipaswa kuhesabiwa kwa mzigo wa tani 9 na kidogo. Baada ya mabadiliko, kiungo cha daraja la nne kilipaswa kuhesabiwa kwa tani 18 na nusu, na ukiongeza akiba ya usalama inayotakiwa kwenye chuma, kisiachie kabla ya tani 30 hivi. Maabara iliona kwamba kwa wastani kiungo kama kilivyojengwa kinaachia kwenye tani 8.4.

Uzito wa madaraja mawili yakiwa matupu, usiku wa manane, hakuna hata mfagiaji juu yake, uliupa kila kiungo cha daraja la nne tani 7.3.

Yaani madaraja yalikuwa yanajibeba, basi. Nafasi iliyobaki kwa ajili ya watu ilikuwa tani moja na kidogo kwa kiungo, ambao ni watu kama 15 wa kilo 70. Na watu si zege, hawajigawi sawasawa kwa kila mita. Wakiona kitu cha kutazama chini wanasogea mahali pamoja, wanaegemea reli moja. Kiungo kimoja kikiachia, mzigo wake unahamia kwa jirani, naye jirani ana tani moja tu ya kukopesha. Anayeuliza kwa nini yalianguka ana swali jepesi. Swali gumu ni vipi yalisimama mwaka mzima, na jibu lake ni kwamba kwa kawaida juu ya madaraja walipita watu wawili watatu na masanduku yao.

Mchoro wa awali nao? Ripoti inasema nati moja kwa daraja moja ingekuwa na asilimia 60 tu ya nguvu iliyotakiwa na kanuni. Usiku ule ingestahimili. Hoteli ingeendelea na kazi zake, watoto wangepiga picha darajani, na hakuna ambaye angejua kwamba kiungo kile kimekosewa tangu siku kilipochorwa. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema kwamba karakana iliyopewa kazi ya chuma iliharibu kazi nzuri ya mhandisi. Karakana ilichukua kiungo ambacho hakuna aliyekipigia hesabu, ikakibebesha mara mbili.

Kwa nini nondo ilikatwa

Sababu ya kubadilisha ilikuwa ya kawaida kabisa. Nati ya daraja la nne ilipaswa kukaa katikati ya nondo ndefu. Ili nati ifike pale, lazima nondo ikatwe hesi, yale meno ya kuzungushia nati, kuanzia chini kabisa hadi pale juu: mita nyingi za meno kwenye chuma ambacho kitaburuzwa, kitapakiwa, kitainuliwa, kitagongana na boriti za daraja likipandishwa. Meno yakilika hata mahali pamoja, nati haipiti. Mtu yeyote aliyewahi kusimama saiti anaelewa kwamba mchoro ule ulikuwa umechorwa na mtu anayefikiria kitu kikiwa tayari kimekaa, asiyefikiria kitafikaje pale.

Havens Steel, karakana iliyopewa kazi ya chuma, ikapendekeza nondo mbili badala ya moja. Meno mafupi kwenye ncha, kazi inakwenda. Ni wazo la busara la fundi, na mafundi hutoa mawazo kama hayo kila siku. Nimeona saiti nyingi ambapo fundi ndiye aliyeuokoa mchoro. Lakini wazo la fundi linahitaji mtu wa kulipigia hesabu, na hapo ndipo mambo yalipopotea.

Karakana ilisema ilipiga simu ofisi ya mhandisi, ikapewa ruhusa ya mdomo, ikaambiwa ilete maombi rasmi baadaye. Ofisi ya mhandisi ilisema simu hiyo haikupigwa. Maombi ya maandishi hayakuwahi kuonekana. Kazi ya kuchora michoro ya karakana ilipewa ofisi nyingine ya nje, ambayo ilipokea nondo mbili kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Februari 16, 1979 michoro 42 ilifika kwa mhandisi. Februari 26 ikarudi na muhuri wa kukubaliwa. Siku kumi.

Ukiwapanga wote kwenye meza moja, kila mtu ana maelezo yanayosikika. Mhandisi alisema kwamba kwa desturi ya kazi, viungo vya chuma huhesabiwa na karakana, naye alichora kielelezo tu. Karakana iliona kiungo kimekwisha kuchorwa na mhandisi, tena na alama zake, ikaamini kimehesabiwa. Mchoraji wa nje alichora alichopewa. Aliyepitia michoro aliona jambo lililokwisha kukubaliwa. Kiungo kilipita mikono minne na kila mkono uliamini kwamba mkono uliotangulia ulishika kalamu.

Kulikuwa na nafasi nyingine ya kukiona. Oktoba 14, 1979, ujenzi ukiendelea, sehemu ya paa la ukumbi huohuo, kama mita za mraba 250, ilianguka. Chanzo kilikuwa kiungo cha chuma. Mhandisi aliahidi kupitia viungo vyote vya chuma vya ukumbi. Alikwisha pia kuomba zaidi ya mara moja awekwe mkaguzi wake saiti muda wote, na mwenye mali alikataa kwa ajili ya gharama. Upande huo wa mwenye mali hutajwa kwa haraka sana kwenye masimulizi, na mimi naona si haki. Lakini ahadi ilikuwa imetolewa, na kiungo cha nondo na kisanduku hakikupigiwa hesabu hata baada ya paa kuanguka. Wasanifu wa jengo walipouliza kuhusu nondo mbili, waliambiwa ziko salama.

Nani alikiona, nani alijibu

Jambo ambalo wahandisi hatulitaji kwa raha: kabadiliko kale hakakugunduliwa kwanza na chama cha wahandisi wala na ofisi ya serikali. Gazeti la Kansas City Star lilimwajiri mhandisi, Wayne Lischka, aangalie picha na michoro. Ndani ya siku chache gazeti lilichapisha kwamba kilichojengwa si kilichochorwa, likaeleza nondo moja ilivyokuwa mbili. Mwaka uliofuata Star na ndugu yake Kansas City Times walipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa habari zao za tukio hilo.

Hakuna aliyefungwa. Mashtaka ya jinai hayakufunguliwa. Fidia zilifika dola za Marekani zisizopungua milioni 140. Bodi ya usajili ya Missouri ndiyo iliyowafuata wahandisi, na mwaka 1985 hakimu aliyesikiliza shauri aliona uzembe mkubwa. Jack Gillum, mwenye kampuni na muhuri wake kwenye michoro, na Daniel Duncan, mhandisi aliyesimamia mradi, walinyang'anywa leseni za Missouri, na kampuni nayo ikapoteza cheti. Walikata rufaa. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ikabaki na uamuzi uleule.

Kiini cha uamuzi ni muhuri. Utetezi ulikuwa kwamba desturi ya kazi inaruhusu mhandisi kuwaachia karakana viungo. Mahakama haikupinga kwamba karakana inaweza kupiga hesabu. Ilichosema ni kwamba mhandisi anaweza kumwachia mwingine kazi lakini hawezi kumwachia jukumu. Akishaweka muhuri wake, kiungo ni chake, hata kama kalamu ilikuwa ya mtu mwingine. Chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani nacho kikatamka kwamba mhandisi aliyetia muhuri ndiye mwenye kujibu kuhusu michoro ya karakana. Kwa watu wa nje hilo linaonekana jambo dogo la kisheria. Kwa anayekaa mezani jioni akiwa na rundo la michoro 42 ya kupitia, na mkandarasi anapiga simu kila saa, ni jambo linalobadilisha jinsi anavyoshika ule muhuri.

Gillum baadaye alizunguka akizungumza na wahandisi kuhusu kisa hicho, akilitaja kosa bila kujificha. Nakubali kwamba hilo halirudishi mtu. Lakini ni wachache katika fani hii waliosimama mbele ya vijana na kusema: hapa ndipo nilipopitisha.

Daraja la tatu, lile lililokaa kando, halikuanguka. Nati zake zilikuwa zimekaa chini ya mshono uleule, kwenye midomo ileile ya C. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa amelishika miguu. Lilibomolewa siku chache baada ya tukio, kukawa na malalamiko kwamba limeondolewa haraka mno kabla wachunguzi hawajalitazama vya kutosha.

Hoteli ilifunguliwa tena mwaka huohuo. Siku hizi inaitwa Sheraton, na mnara wake ungali unaonekana kutoka mbali. Kumbukumbu ya waliokufa ilizinduliwa mwaka 2015 kwenye bustani iliyo karibu, baada ya ndugu zao kuidai kwa miaka mingi. Ndani ya ukumbi, palipokuwa na madaraja matatu yaliyoning'inia, walijenga kibaraza kimoja tu, cha ghorofa ya pili. Hakining'inii popote. Kimesimama juu ya nguzo zinazotoka sakafuni, na mgeni anayepita chini yake anaweza kuzigusa kwa mkono.